Makatizo ndani ya mashine pepe: IOMMU pepe, biti 15, au uache kama ilivyo?

Anayejenga mashine pepe kubwa kwa QEMU na KVM, programu zinazoendesha mashine pepe kwenye Linux, haendi mbali kabla ya kukutana na maneno `intremap=on` na `eim=on`, yanayohusu kuelekeza upya makatizo, yaani ishara ambazo vifaa huishtulia prosesa. Maelekezo mengi humwambia ayabandike kwenye amri yake na kuendelea na kazi. Yanafanya kazi, sikatai. Ila kumwekea mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) IOMMU nzima ya kuigiza, yaani kitengo kinachosimamia jinsi vifaa vinavyofikia kumbukumbu na kurusha makatizo, kwa sababu tu ana prosesa nyingi ni gharama ambayo mara nyingi haina lazima. Kuna njia nyepesi zaidi, na kuna hali ambazo hakuna haja ya kufanya chochote.

Hapa nazilinganisha njia hizo kwa x86 peke yake, yaani prosesa za Intel na AMD. Kwenye ARM, kazi ya kutafsiri namba ya kifaa na ya tukio hadi kufikia katizo iko ndani ya ITS, kitengo chake cha makatizo, tangu mwanzo, kwa hiyo swali hili haliji kwa sura hii.

Tatizo lenyewe

Kifaa cha kisasa cha PCI hakitegemei waya kuishtua prosesa. Pakiti ikifika kwenye kadi ya mtandao, au diski ya NVMe ikimaliza kusoma, kifaa huandika neno moja kwenye anwani inayoanza na 0xFEE. Hiyo ndiyo MSI. Ndani ya anwani hiyo, biti ya 12 hadi ya 19 hubeba namba ya prosesa inayotafutwa, yaani APIC ID, na data inayoandikwa hubeba vekta, namba inayoijulisha kerneli ni shughuli gani iliyotokea.

Biti nane zinatoa namba 0 hadi 255, na kwa utaratibu wa zamani wa makatizo, uitwao xAPIC, 255 ni ya kutangazia prosesa zote. x2APIC, mrithi wake, ilipanua namba hadi biti 32, na prosesa zikishtuana zenyewe kwa zenyewe huzitumia zote 32. Waliobaki nyuma ni vifaa: muundo wa MSI ulibaki na biti zake nane, na IO-APIC, kidhibiti kinachopokea makatizo ya waya, vivyo hivyo. Zamani hilo lilikuwa tatizo la wachache wenye mashine za ajabu. Leo EPYC 9754 moja ina nyuzi 256, na ubao wenye soketi mbili una 512.

Kwenye mashine halisi, dawa ni kuelekeza makatizo upya kupitia IOMMU, iitwayo VT-d kwa Intel na AMD-Vi kwa AMD. MSI ya kawaida ni kama barua iliyoandikwa jina la mpokeaji. Ikielekezwa upya, bahasha inabeba namba ya jalada tu, na masijala ndiyo inayojua jalada hilo liko kwenye meza ya nani. Kwa VT-d, biti ya 4 ya anwani ikiwa 1, IOMMU inajua kwamba hapo hakuna namba ya prosesa, bali kuna namba ya biti 16 ya kuchungulia kwenye jedwali. Jedwali linaweza kuwa na nafasi 65,536, kila moja ya biti 128. Ndani ya nafasi mna vekta, mna APIC ID ambayo inaweza kufika biti 32 (hiyo ndiyo kazi ya `eim`), na mna kitambulisho cha kifaa kinachoruhusiwa kuitumia. Kifaa kingine kikijaribu, katizo linazuiwa.

Kwa hiyo unapata vitu viwili kwa pamoja: upana wa namba, na ulinzi. Njia tatu zitakazofuata zinatofautiana hapo hasa. Kama unachokosa ni upana tu, kuna njia rahisi ya kuupata. Kama unataka na ulinzi ndani ya mgeni, utalipa bei kamili.

Ya mwenyeji hayana mjadala

Kabla ya kulinganisha, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: uelekezaji upya kwenye seva halisi (mwenyeji), na ule anaouona mgeni. Wa kwanza si wa kuchagua. Ukimkabidhi mgeni kadi halisi kupitia VFIO, sehemu ya Linux inayofanya kazi hiyo, yeye ndiye anayeiamuru kadi iandike wapi. Bila uelekezaji upya kwenye mwenyeji, anaweza kuiamuru iandike kwenye eneo la 0xFEE na kumrushia mwenyeji vekta yoyote anayoitaka. Mwaka 2011 watafiti wa Invisible Things Lab walionyesha hadharani jinsi ya kutoka kwenye mashine pepe kwa mlango huo huo, wakitumia MSI za kughushi.

Ndiyo maana VFIO hukataa kufanya kazi kwenye mashine isiyo na uwezo huo, na kukuelekeza kwenye kigezo cha `allow_unsafe_interrupts`. Jina lake linajieleza. Kwenye mashine ya majaribio nyumbani, ambapo mgeni ni wewe mwenyewe, sawa. Kwenye seva inayobeba wateja, hapana, hata kama mtu fulani ameandika kwamba kwake inaenda vizuri.

Anayenunua seva zilizotumika aangalie jambo moja zaidi. Chipu za Intel 5500 na 5520, za kizazi cha Xeon 5500 na 5600, zilitoka na matoleo yenye kasoro ya kiwandani kwenye uelekezaji wa makatizo. Linux ikiikuta kasoro hiyo hutoa onyo kwamba kipengele hicho hakitabiriki. Seva hizo bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa kazi ya kumkabidhi mgeni kifaa halisi, zipite.

Hesabu APIC ID, usihesabu prosesa

Wengi husema, "Mimi nina prosesa pepe 200, niko chini ya 255, hainihusu." Hapo ndipo wanaponaswa. APIC ID hazipangwi 0, 1, 2 hadi 199. Hujengwa kwa biti za soketi, za kiini na za uzi, na kila fungu huongezwa hadi kufika kipeo cha 2 kilicho juu yake. Tuchukue mfano huu:

`-smp 200,sockets=5,cores=20,threads=2`

Viini 20 vinahitaji biti 5, kwa kuwa biti 4 huishia 16. Nyuzi 2 zinahitaji biti 1. Kila soketi basi inachukua namba 64, ingawa ina prosesa 40 tu. Soketi ya kwanza inaanzia 0, ya pili 64, ya tatu 128, ya nne 192, na ya tano inaanzia 256. Soketi nzima ya tano iko nje ya biti nane.

Kerneli ya Linux ya kuanzia 5.11, isipopata njia yoyote ya kuvuka 255, hukataa kuziwasha prosesa hizo. Kuwa na prosesa ambayo kifaa hakiwezi kuifikia ni kutafuta matatizo, kwa hiyo inaziacha nje. Ukiuliza `nproc`, itakujibu 160. Hakuna kitakachoanguka, hakuna kosa la kutisha. Umelipia 200, unatumia 160, na unaweza kukaa miezi bila kugundua.

Sasa panga hizo hizo 200 namna nyingine:

`-smp 200,sockets=4,cores=25,threads=2`

Viini 25 bado ni biti 5, soketi bado inachukua 64, ila soketi ni nne. Namba kubwa kuliko zote ni 192 + 49, yaani 241. Zote 200 zinawaka, na hujagusa kitu kingine chochote.

Njia ya kwanza: uache kama ilivyo

Hii ndiyo sahihi kwa mashine pepe nyingi sana, na naisema kwanza kwa sababu hakuna anayeiandikia makala. APIC ID zikiwa chini ya 255, mgeni wa KVM anaweza kutumia x2APIC bila kuelekeza makatizo upya. Kerneli huwasha x2APIC kwa mtindo wa kumlenga mmoja mmoja na kujiwekea kikomo. Unabaki na `kernel-irqchip=on`, yaani vidhibiti vya makatizo, APIC, IO-APIC na PIC, vyote vinaigizwa ndani ya kerneli ya mwenyeji.

Unachokosa ni ulinzi ndani ya mgeni. Kwa mgeni ambaye hana mashine pepe nyingine tumboni mwake, ulinzi huo una faida ndogo, kwani mwenyeji tayari amekizuia kila kifaa.

Kuna jambo moja la pembeni. Bila uelekezaji upya, kuhamisha katizo kutoka prosesa moja kwenda nyingine ni kubadilisha anwani na data ya MSI, na hayo ni maandishi mawili tofauti. Kifaa chenye MSI isiyoweza kuzibwa (kunyamazishwa kwa muda) kinaweza kurusha katizo katikati, anwani ikiwa mpya na vekta ikiwa ya zamani, na katizo likapotelea hewani. Mwaka 2020 Thomas Gleixner, mmoja wa wasanidi wa kerneli, aliliziba pengo hilo kwenye Linux kwa kuhama kwa hatua. Virtio (vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe) na NVMe hutumia MSI-X, aina ya MSI ambayo huzibwa kwanza ndipo ibadilishwe, kwa hiyo hazikuwa hatarini. Kama una mgeni mwenye kerneli ya zamani kuliko hapo na kifaa halisi cha MSI ya kawaida kinachopoteza makatizo prosesa zinapozimwa na kuwashwa, anza kushuku hapo.

Njia ya pili: biti 15

Hii ndiyo ninayoipendelea kwa mgeni mkubwa wa Linux. Wazo ni dogo na la busara. Kwenye anwani ya MSI, biti ya 5 hadi ya 11 zilikuwa zimekaa bure. Mgeni na haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe, hapa QEMU na KVM) wakikubaliana, biti hizo saba zinabeba sehemu ya juu ya APIC ID, na kwa jumla unapata biti 15: namba 32,768. Biti ya 4 imeachwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotofautisha MSI ya kawaida na iliyoelekezwa upya. Kwenye IO-APIC ni vivyo hivyo, zinatumika biti ya 49 hadi ya 55.

David Woodhouse ndiye aliyeisukuma kazi hii upande wa Linux na wa QEMU, na mgeni wa Linux anaielewa tangu toleo la 5.11, la mwanzoni mwa 2021. KVM hutangaza uwezo huu kwa biti ya 15 ya rejista EAX kwenye jani 0x40000001 la CPUID, amri ya kuiuliza prosesa uwezo wake. Xen na Hyper-V, haipavaiza nyingine, nao wana biti zao za kusema jambo hilo hilo, na Linux inazisoma zote.

Uzuri wake ni kwamba hakuna jedwali, hakuna foleni ya amri, hakuna kifaa kipya cha kuigiza. Kuna biti saba tu ambazo hapo awali hazikuwa na kazi.

Mtego uko kwenye `kernel-irqchip`. QEMU huutangaza uwezo huu pale tu IO-APIC inapoigizwa upande wake, si ndani ya kerneli:

`-machine q35,kernel-irqchip=split -cpu host`

Ukiacha chaguo-msingi la `on`, biti haitangazwi, na unarudi kwenye zile 160. Kwa libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, kinachofanya kazi hiyo ni `<ioapic driver='qemu'/>` ndani ya `<features>`. Mgawanyo huu umo kwenye KVM tangu Linux 4.4, kwa hiyo mwenyeji yeyote wa leo anao. Una gharama yake: makatizo ya mtindo wa zamani, yale ya waya yanayopitia IO-APIC, yanalazimu kurudi hadi kwenye QEMU kila yanapokamilishwa. Kwa mgeni wa virtio na NVMe hutalisikia. Kwa mgeni aliyejaa vifaa vya kuigiza vya miaka ya tisini, utalisikia.

Kasoro yake kubwa ni kwamba makubaliano yanahitaji pande mbili. Windows haizisomi biti za KVM. Kerneli ya Linux iliyo chini ya 5.11 haizijui, labda kama msambazaji wake amezirudisha nyuma. Na mfumo endeshi unaouandika mwenyewe hautazijua hadi uongeze mistari michache, ambayo kwa kweli ni michache: soma CPUID, panua kikomo cha APIC ID, na unapotunga anwani ya MSI zigawe biti za juu mahali pake. Mwandishi wa kerneli akiniuliza aanze na ipi, namwambia hii. Draiva kamili ya VT-d ni kazi ya wiki nyingi.

Njia ya tatu: IOMMU pepe

Hapa mgeni anaonyeshwa IOMMU kama ya mashine halisi, na mfumo endeshi wowote unaoijua VT-d utaitumia bila kufundishwa:

`-machine q35,kernel-irqchip=split -device intel-iommu,intremap=on,eim=on`

Ukijaribu na `kernel-irqchip=on`, QEMU itakataa waziwazi na kukutaka uchague `split` au `off`. Kifaa cha `intel-iommu` kitangulie vifaa vingine kwenye amri. Kwa upande wa AMD kuna `amd-iommu` yenye `intremap=on`, na `xtsup=on` kwa ajili ya namba pana.

Swali la kwanza kila mtu analouliza ni kama makatizo yatakuwa mazito. Wengi wanadhani kila katizo sasa litapita QEMU ili jedwali lisomwe. Sivyo. QEMU huitafsiri nafasi ya jedwali pale njia ya katizo inapowekwa, kisha huikabidhi KVM jibu la mwisho: vekta hii, prosesa hii. Kuanzia hapo katizo la virtio au la VFIO linakwenda moja kwa moja, sawa na lingekwenda bila IOMMU. Gharama inakuja mgeni anapobadilisha jedwali. Lazima atume amri ya kufuta kache ya makatizo, amri hiyo inanaswa, QEMU inaamka na kuzisoma njia upya. Kama `irqbalance` ya mgeni wako, programu inayogawa makatizo kati ya prosesa, inayahamisha makatizo ovyo kila sekunde chache, utaiona kazi hiyo. Yakishakaa mahali pake, huioni.

Mzigo halisi uko kwenye DMA, yaani kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu chenyewe, si kwenye makatizo. IOMMU pepe kwa kawaida huja na uwezo wa kutafsiri anwani za kumbukumbu, na mgeni akiutumia kwa kifaa halisi alichokabidhiwa, utahitaji pia `caching-mode=on`, na kila ukurasa anaoufungulia kifaa lazima mwenyeji auone na kuunakili kwenye jedwali lake halisi. Kadi ya mtandao yenye pilikapilika hufungua na kufunga kurasa mfululizo. Hapo ndipo kasi inapoporomoka, halafu watu wanailaumu `intremap`.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kumwambia mgeni wa Linux `iommu=pt`, ili vifaa vyake mwenyewe vipite bila kutafsiriwa. Ya pili ni safi zaidi:

`-device intel-iommu,intremap=on,eim=on,dma-translation=off`

Hapa mgeni anaona IOMMU inayojua makatizo tu. Haiungi mkono upana wowote wa anwani za DMA, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Kwa Windows yenye prosesa zaidi ya 255 juu ya KVM, sioni njia bora kuliko hii. Kerneli za Linux za zamani zilikuwa zikijikwaa zikikuta IOMMU ya namna hiyo, lakini kwa Linux mpya unayo njia ya biti 15, kwa hiyo huhitaji kuhangaika nayo.

Kuna hali moja ambayo IOMMU pepe kamili haina mbadala: mgeni anayebeba wageni wake. Ukitaka mashine pepe ya kwanza imkabidhi mashine pepe ya ndani kifaa halisi, VFIO iliyomo kwenye ya kwanza itauliza swali lile lile la mwenyeji: uelekezaji upya wa makatizo uko wapi? Biti 15 hazimjibu, kwa sababu hazina jedwali wala ukaguzi wa nani ametuma. Hapo weka vyote: `intremap=on`, `caching-mode=on`, na tafsiri ya DMA ikiwa hai.

Hyper-V ilipita kwingine

Inafaa kuitaja kwa ajili ya anayetumia Linux kwenye Azure au kwenye Windows Server. Kwa muda mrefu mgeni wa Hyper-V hakupewa IOMMU ya kuigiza kwa kazi hii. MSI za vifaa vyake vya PCI hupangwa kwa mwito kwenda kwa haipavaiza, na mwito huo unaweza kutaja prosesa yoyote. Iliyobaki na tatizo ni IO-APIC. Linux 5.1, ya mwaka 2019, iliingiza draiva ndogo, `hyperv-iommu`, ambayo haielekezi chochote upya. Inajitokeza kama kitengo cha uelekezaji ili x2APIC iruhusiwe, kisha inahakikisha makatizo ya IO-APIC yanabaki kwenye prosesa zenye namba inayotosha biti nane. Ni ujanja, lakini ni ujanja wa kweli: vifaa vilivyobaki kwenye IO-APIC ni vichache na vya polepole, havidai prosesa ya 300.

Kwa mchaguaji, hapa hakuna cha kuchagua. Hakikisha tu kerneli si ya kale.

Ubavu kwa ubavu

| | Kuacha | Biti 15 | IOMMU pepe |
|---|---|---|---|
| Kikomo cha APIC ID | 255 | 32,767 | biti 32, ukiwa na `eim` |
| IO-APIC ndani ya kerneli ya mwenyeji | ndiyo | hapana, `split` | hapana, `split` au `off` |
| Mgeni wa Linux | yoyote | 5.11 na kuendelea | yoyote yenye VT-d |
| Mgeni wa Windows | ndiyo | hapana | ndiyo |
| VFIO ndani ya mgeni | si salama | si salama | ndiyo |
| Gharama ya DMA | hakuna | hakuna | kubwa, isipokuwa `pt` au `dma-translation=off` |

Ningechaguaje

Mgeni wa Linux mwenye APIC ID zote chini ya 255: naacha. Simwekei IOMMU kwa ajili ya urembo. Nikiona namba zimevuka kidogo, kwanza najaribu kupanga soketi na viini upya, kama kwenye ule mfano wa 200, kwa sababu hiyo ni bure.

Mgeni wa Linux mkubwa kweli, prosesa 300 au 500: biti 15, bila kusita, mradi kerneli yake ni mpya. Kama ni toleo la zamani la kampuni ambalo mteja hataki kulisasisha, IOMMU pepe yenye `iommu=pt`.

Windows kubwa: IOMMU pepe yenye `dma-translation=off`. Mgeni anayebeba wageni na vifaa halisi: IOMMU kamili, na umweleze mapema mwenye mali kwamba kadi yake ya mtandao haitatoa kasi ya kwenye chuma tupu.

Kuna chaguo moja linalowapoteza watu wa Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe, ambao kwenye mipangilio ya mashine ya q35 hukuta `viommu` yenye `intel` na `virtio`. Kwa kuwa virtio ina sifa ya wepesi, wanaichukua. `virtio-iommu` hutafsiri DMA vizuri, lakini kwenye x86 haielekezi makatizo upya. Ukiichagua ili uvuke prosesa 255 au utumie VFIO ndani ya mgeni, umepata mzigo ukakosa ulichokifuata.

Kuthibitisha

Ndani ya mgeni mwenye IOMMU pepe ya Intel, `dmesg` iwe na mstari huu:

`DMAR-IR: Enabled IRQ remapping in x2apic mode`

Ikisema `xapic mode`, `eim` haikushika na hujavuka popote. Kisha fungua `/proc/interrupts`: makatizo yaliyoelekezwa upya hutanguliwa na `IR-`, mfano `IR-PCI-MSI` au `IR-IO-APIC`. Ukiona `PCI-MSI` tupu, jedwali halitumiki, hata kama amri yako ya QEMU imejaa maneno.

Kwa biti 15 hakuna kiambishi cha kuangalia, kwa sababu kwa macho ya kerneli hizo bado ni MSI za kawaida. Linganisha `nproc` na idadi uliyoomba, kisha soma CPUID yenyewe:

`cpuid -1 -r -l 0x40000001`

Tafuta biti ya 15 ya EAX, yaani 0x8000. Kama umemwashia mgeni vipengele vya `hv_` kwa ajili ya Windows, majani ya KVM yanasogezwa, kwa hiyo uliza 0x40000100 ili uipate sahihi ya KVM, na biti yenyewe uitafute kwenye 0x40000101.